Walidhani Tunakimbia

Mume wangu ndiye aliyetaka mlima. Mimi, kwa sherehe ya miaka ishirini ya ndoa yetu, nilikuwa nimefikiria misa ya asubuhi, kuku, kreti ya soda, na majirani wakae uani mpaka wachoke wenyewe. Ndivyo tunavyosherehekea Kalemie. Lakini yeye alikuwa ameona kwenye simu picha ya mke na mume wamekaa mbele ya hema juu ya mlima, wanakunywa chai, mawingu yako chini yao. Tangu siku hiyo hakunipa nafasi.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe, "miaka yote tumelala mahali tulipopata. Twende tulale mahali tunapopachagua."

"Porini?"

"Mulimani. Pori ni kitu kingine."

Kwangu ni kitu kimoja. Nilikuwa msichana mdogo vita vilipopita kwetu, na tulilala milimani masika yote, chini ya bashi moja, turubai la plastiki, watu wa nyumba tatu. Mama yangu alitukataza kuwasha moto kwa sababu moshi unaonekana mbali. Tulikula muhogo mbichi mpaka matumbo yakavimba. Hayo mume wangu aliyajua juujuu tu, kama alivyojua kwamba niliwahi kuugua surua. Yeye miaka hiyo alikuwa ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, na kambi hiyo hakuizungumza. Tulioana bila kuulizana, na jambo hilo lilitufaa.

Nilikubali kwa sababu yeye si mtu wa kujiombea kitu. Anashinda bandarini akikagua magunia ya wengine, jioni anarudi, anakula alichowekewa. Nikasema, acha tumfurahishe mara moja.

Watoto tuliwaacha kwa dada yangu, tukapanda mtumbwi wa mota unaopeleka abiria upande wa Mpala. Tulikuwa na hema alilolinunua sokoni, godoro la sponji lililoviringishwa, sufuria, birika, kidumu cha maji, unga, dagaa wakavu tunaowaita ndakala, na blanketi nilizozifunga ndani ya kikwembe. Tuliposhuka, mizigo ikiwa imepangwa mchangani, niliitazama tena. Sufuria, godoro, blanketi ndani ya kitambaa. Niliifahamu mizigo ile.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika samaki aliitazama pia.

"Munatoka wapi, wandugu?"

"Kalemie," mume wangu akajibu.

"Kule kuko salama?"

"Salama kabisa, Mama."

Mwanamke hakutuondolea macho mpaka tulipoishika njia ya mlimani.

Njia ilipita kati ya mashamba ya muhogo, halafu katikati ya kitongoji kidogo. Waliokuwa wakitwanga waliacha kutwanga. Mume wangu alitangulia na hema mgongoni, akipiga mluzi, akiwapungia watu mkono bila kusimama kwa sababu jua lilikuwa linashuka. Mimi nilitaka kusimama niseme neno. Lakini ningesema nini? Kwamba tuna nyumba nzuri ya mabati na tumekuja kulala kwenye nyasi?

Juu kulikuwa na uwanda wa nyasi fupi, na ziwa lote lilionekana, lakini sikuwa na hamu ya kulitazama. Nilimtazama yeye akisimamisha hema. Mikono yake haikusita hata kidogo. Alijua kamba ipi ivutwe na ipi ilegezwe, alijua kigingi kinapigwa kikiwa kimelala upande gani.

"Umejifunzia wapi?" nikamuuliza.

"Kambini," akasema, bila kuinua kichwa.

Kisha akakusanya kuni na kuwasha moto. Moshi ukapanda wima.

"Zima," nikamwambia.

"Mama, ni ya chai."

"Zima, nakuomba."

Akanitazama kama mtu aliyekemewa na mgeni. Alikuwa bado ameshika kiberiti tuliposikia sauti za watu kwenye mteremko. Kwanza akatokea mwanamke mzee, sufuria kichwani, mjukuu mgongoni, anavuta mbuzi. Nyuma yake mwanamke mjamzito na godoro. Nyuma yake watoto wenye kuku kwapani, na mwanamume amejitwika mashine ya kushonea. Walikuwa wakihema. Yule mwanamke mzee akanijia moja kwa moja.

"Wamefika wapi, mwanangu?"

Swali hilo nililijua. Mama yangu alikuwa akiwauliza watu hivyohivyo kila tulipokutana nao njiani.

"Nani, Mama?" mume wangu akauliza.

"Si munakimbia? Tumewaona munapanda na mizigo. Halafu moshi. Tukasema, hawa bantu ya mjini wamejua jambo."

Mume wangu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyeshtuliwa, lakini walikisikia. Akaona nyuso zao, akasema, "Hatukimbii, Mama. Hakuna vita. Tunasherehekea ndoa yetu. Miaka ishirini."

"Nyumba yenu imeungua?"

"Hapana. Iko."

"Na munalala inje?"

Mwanamke mjamzito aliketi juu ya godoro lake akaanza kulia kwa uchovu. Yule mwenye mashine aliishusha polepole, akasema, bila kumtazama yeyote kati yetu, "Baba yangu nimemuacha ndani. Miguu yake haitembei. Nimemuwekea maji, nikafunga mulango kwa inje."

Akageuka akateremka mbio. Mashine ikabaki kwenye nyasi. Mume wangu akasimama kidogo, kisha akaiinua, akaitia begani na kumfuata.

Giza lilikuwa linaingia. Wengine waliteremka nyuma yao, lakini mzee magoti yalikuwa yamemkatalia, na mjamzito hakutaka tena njia ile. Niliwalaza watoto wao ndani ya hema letu, nikasonga bugali, nikakaanga ndakala wote. Baadaye mzee akaniuliza, "Na wewe ulikimbiaka?" Nikamwambia ndiyo. Hakuuliza wapi wala lini. Akasogeza blanketi upande wangu.

Mume wangu alirudi akiwa na jasho na tope.

"Baba yake yule wa mashine yuko salama," akasema. "Tumemkuta macho. Alikuwa anagonga mlango na fimbo, anauliza amefungiwa kwa kosa gani."

Akaketi karibu nami. Akasema kwa sauti ya chini, "Kule kambini hema halikuwa letu. Wakisema tokeni, tunatoka. Wakisema hamieni kule, tunahama. Nilitaka hema moja nilifunge na kulifungua mwenyewe. Basi. Sikufikiria zaidi."

Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika. Nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Asubuhi chifu wa kitongoji alitungoja chini, ameketi kwenye kiti mbele ya nyumba yake. Hakupandisha sauti.

"Papa, wewe ni muntu ya biro, ya ofisi, una akili. Sisi huku hatungoji kuambiwa. Tukiona sufuria inapanda mulima, tunafunga yetu. Sasa mupite kila nyumba, wewe na Mama, museme kwa midomo yenu kwamba hakuna kitu."

Tulipita. Nyumba nyingine walitucheka, na kicheko hicho tulikipokea kwa shukrani. Nyumba moja mwanamke alikataa kutufungulia, tukasema maneno yetu mbele ya mlango. Kwa fundi wa cherehani, baba yake alikuwa akiota jua kwenye mkeka, akatusalimu vizuri na kuuliza habari za mji. Fundi mwenyewe alikuwa anafuta mashine kwa kitambaa. Mume wangu alimnyoshea mkono. Fundi aliutazama.

"Aksanti kwa kuishusha," akasema, akaendelea kufuta.

Nyumbani watoto waliuliza ilikuwaje, na baba yao akasema ilikuwa vizuri, kuna upepo mwingi.

Jumapili moja baadaye, wengine wakiwa kanisani bado, nilikuwa uani namenya muhogo naye anatengeneza mguu wa meza. Nikaanza kumweleza habari za masika yale: bashi, mvua, mama yangu na moto. Sikuwa nimepanga. Aliacha nyundo, akasikiliza. Hakuniambia pole. Nilipofika mwisho aliuliza jambo moja tu.

"Nani alibaki nyumbani?"

"Bibi yangu."

"Mulimrudia?"

Nikamwambia kwamba tulirudi masika yalipokwisha, na hatukumkuta hai. Akatikisa kichwa, akaja akaketi kwenye kigoda kando yangu, akachukua kisu cha pili, na tukamenya muhogo mpaka watoto wakarudi.