Bolti ya Kumi na Nane

Nikiri mapema: yule mwanamke nilimhukumu hata kabla sijamsalimia. Alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, hatua mbili kutoka kwenye gari langu, kipande cha kadibodi mapajani, na macho yake hayakumwacha mumewe hata kidogo. Nikajisemea moyoni: huu ni wivu. Sisi tuliosoma tuna tabia ya kukosea kwa kujiamini, nami nilikuwa nimekwisha kumtungia maisha mazima, pamoja na ugomvi wake wa nyumbani.

Mumewe ndiye fundi niliyeelekezwa. Gereji nzima ilimwita Mzee Nati, kwa kuwa zamani, walisema, ungeweza kumwekea nati kiganjani akiwa amefumba macho, naye akakutajia ilikotoka. Miaka thelathini alikuwa akishusha injini za watu. Siku ile alikuwa akishusha yangu, na sikujua kwamba yumo mtihanini.

Aliyenifungua macho ni mnyoosha bodi wa banda la pili, mtu asiyeweza kushika nyundo na siri kwa wakati mmoja.

"Mzee amekuwa msahaulifu," alininong'oneza. "Mwezi uliopita nusura gari liondoke bila nati nne za gurudumu. Bosi aliliwahi getini asubuhi. Sasa bosi ni mdogo wake, mtoto wa baba yake mdogo, lakini amesema hii ndiyo ya mwisho. Injini ikitoka salama, anabaki. Ikileta balaa, anakwenda kupumzika nyumbani."

"Na mkewe?"

"Shemeji? Huyo ndiye kichwa cha akiba."

Tangu hapo roho yangu haikutulia. Kwenye ile kadibodi mama huyo alikuwa ameichora injini kwa kalamu nene, kama mtoto achoravyo nyumba, kisha akaitoboa matundu kumi na manane, moja kwa kila bolti ya kufunguliwa. Kila mumewe alipofungua moja, alimtajia mahali ilipotoka, naye akaichomeka kwenye tundu lake.

"Ya giaboksi, juu kulia."

"Nimeipata."

"Inayofuata chini yake."

"Nimeipata, Baba."

Bosi alisimama mlangoni mwa ofisi, mikono nyuma. Maji ya rejeta yalikuwa yamekwisha kumwagwa, oili imekingwa kwenye karai, mipira na nyaya zimefungwa kando. Mara mbili Mzee Nati aliinuka na spana mkononi, akasimama katikati ya kiwanja kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Mara zote mbili mkewe alikohoa, naye akarudi kwenye gari.

"Shemeji, hicho kifua ukapimwe," mnyoosha bodi alimchokoza.

"Kifua changu kizima," alijibu bila kugeuka. "Wewe kapime ule mlango ulioupiga jana. Umetoka na mabonde mengi kuliko ulivyoingia."

Hatimaye winchi ikatundikwa kwenye boriti ya chuma, na mnyororo wake ukafungwa kwenye injini. Mzee Nati akaanza kuvuta. Mnyororo ukakaza, ukalia. Injini haikutoka mahali pake. Kilichoinuka ni pua ya gari zima, hata matairi ya mbele yakaanza kuachana na sakafu.

"Acha," mkewe alisema.

"Ni kutu tu. Nikivuta kidogo itaachia."

"Baba, ninazo kumi na saba."

"Nimefungua zote. Nimekutajia moja moja."

Bosi akashuka hatua moja kutoka mlangoni. Naona haya kulieleza nililotamani wakati ule: nilitamani mwanamke huyo anyamaze, amsitiri mumewe mbele ya mdogo wake. Sikufikiri kwamba nilikuwa naomba mnyororo ukatike, au boriti ituangukie.

Hakumsitiri. Aliinuka, akaiweka kadibodi mbele ya mumewe, akakishika kidole chake na kukielekeza kwenye tundu tupu, chini kushoto, pale injini inapokutana na giaboksi. Mzee Nati alilitazama tundu lile. Jasho lilimtoka hadi kwenye ndevu. Kisha akalegeza mnyororo mpaka matairi yakatua, akalala chali, akajiburuta chini ya gari. Tukasikia spana ikiuma, ikiteleza, ikiuma tena. Alipotoka alikuwa na bolti ndefu kama kidole cha kati. Hakumpa mtu. Aliichomeka mwenyewe.

Safari hii injini ikaachia. Ilipanda polepole, ikizunguka kidogo na kudondosha oili, kisha ikatua juu ya matairi chakavu.

Bosi akasogea, macho kwenye kadibodi. "Kaka, umesahau."

"Nimesahau."

"Kesho uje." Akamgeukia mwanamke. "Lakini asije bila wewe, shemeji. Siku ukiumwa wewe, na yeye anaumwa."

"Basi uniwekee kiti. Ndoo hii imenimaliza kiuno."

Miezi minne baadaye nilirudi kubadilisha oili, na Mzee Nati mwenyewe akanisimulia, mkewe akiwa ametoka kidogo. Zile nati nne za gurudumu mkewe alizikuta mfukoni mwa ovaroli, alipoichukua alfajiri kwenda kuifua. Alizifunga kwenye pindo la khanga, akatembea hadi gereji kabla mumewe hajaamka, akamkabidhi bosi mkononi, na kumwomba amwachishe mumewe kazi siku hiyo hiyo, kabla hajaua mtu.