Matibabu ya Kwenda na Kurudi

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipovaa shati lililopigwa pasi nikatoka nyumbani kwangu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwenda Lilongwe kutibiwa ulevi, nikamdanganya mtu wa kwanza niliyekutana naye. Nakusimulia kwa kuwa na wewe sasa umepewa karatasi ya hospitali. Nimeona ulivyoikunja ikawa ndogo kama kete ya chumvi. Mimi nilikunja hivyohivyo.

Wakati huo vita vya pili vya Kongo vilikuwa havijaisha. Nilitoka Uvira na cherehani kichwani, mke wangu na binti yetu wakiwa nyuma yangu, na bandarini watu waliposukumana nikageuka nisiwaone. Mpaka leo sijawaona. Nilifika Malawi peke yangu, nikapewa hema, baadaye nikajenga chumba cha udongo, nikaanza kushona. Jioni sikuwa na wa kuniuliza nimekula nini. Basi nikajifunza kachasu, ile pombe kali ya hapa, mpaka asubuhi mikono ikawa inatetemeka na uzi haupiti kwenye sindano. Nilishona joho la mwimbaji wa kanisa nikaweka kola nje ndani. Waliliona kanisani wote, wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini nilipofika nyumbani nililia.

Muuguzi wa zahanati ya kambini ndiye aliyenitazama macho yaliyogeuka manjano akaniambia ini langu linachoka, na nisipoacha sitamaliza mwaka mwingine. Akaniandikia kwenda hospitali moja mjini kila Alhamisi. Hakukuwa na kulazwa. Unapimwa, unapewa vidonge, unakaa na mshauri saa moja, kisha unarudi kwako. Mimi nikayaita matibabu ya kwenda na kurudi.

Asubuhi hiyo ya kwanza Mama Furaha, jirani yangu wa mlango kwa mlango, aliniona na kibali cha kutoka kambini mkononi. Akaacha kupepeta mchele.

"Fundi, unaenda wapi na shati ya namna hii? Banakuita Lilongwe?"

"Banakuita."

"Njo ile mambo ya Kanada?"

Mwanangu, unajua kambini mtu akitoka amevaa vizuri, tena siku ya kazi, watu hawafikirii hospitali. Wanafikiri amepata intavyu ya kupelekwa nchi za nje. Ningeweza kusema hapana. Nikatabasamu, nikashika njia. Alhamisi ya pili aliponiuliza imefika wapi, nikajibu kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba inaendelea vizuri. Nilipendelea waseme fundi anakwenda Kanada kuliko waseme fundi ni mlevi. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na yangu haikufika mbali.

Mshauri wangu alikuwa mama Mmalawi aliyewahi kuishi Mbeya, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Aliniuliza jambo moja kila mara: nyumbani nani anajua? Nikamjibu wote wanajua. Akaniambia, "Sawa. Maana mimi nakuona saa moja tu kwa wiki. Siku zilizobaki unaonwa na wao." Nikaitikia kwa kichwa huku nikitazama sakafu.

Sikujua uongo ule ungenitoa mle kambini hata kabla sijaondoka. Mtu wa kusafiri haombwi kitu cha kesho. Kanisani walipogawa kazi za mwaka wakaliruka jina langu. Wateja wakapeleka vitambaa kwa fundi mwingine, kwa kuwa nani amwachie suruali mtu ambaye kesho hayupo? Wengine walinipita bila salamu kwa wivu, na sikuwalaumu. Nilimaliza wiki saba bila tone la pombe, na katika wiki hizo saba sikupata mtu wa kumwambia leo ni siku ya arobaini, au leo usiku koo linaniwasha, njoo tuzungumze. Upweke wa vita nilikuwa nimeuzoea. Huu niliujenga mwenyewe, na uliniuma zaidi.

Jumamosi moja mchana Mama Furaha akaja na wenzake, na kuku, na sufuria ya ugali, na dagaa. Wamekuja kuniaga, wakidhani safari imekaribia. Mgeni mmoja akatoa chupa ya kachasu chini ya koti. Kwetu anayesafiri ndiye anayeonja kwanza, ili safari iwe ya kheri. Akamimina, akanipa kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima. Wote wakanitazama kwa upendo. Nilikuwa na sentensi fupi tu ya kusema: mi niko kwa dawa. Lakini ningesema dawa ya nini? Nikanywa. Wakapiga makofi.

Walipoondoka chupa ilibaki. Ilipoisha nikanunua nyingine. Sikula Jumapili, Jumatatu sikumbuki, na Alhamisi saa ya kutoka ilipofika nilikuwa nimelala chini karibu na cherehani, natapika maji ya manjano.

Ndivyo alivyonikuta Mzee Saidi. Huyu alikuwa Mwislamu kutoka Kindu, muuza sabuni na chumvi, mtu wa maneno machache. Alikuja na barua nimpelekee dada yake huko Kanada. Alinitazama, akatazama meza, akaiona kadi ya hospitali. Akaisoma yote, polepole, mbele na nyuma. Kisha akairudisha barua yake mfukoni.

"Fundi," akasema, "mi nilikuwa naona we wivu. Miezi mbili sikuje kukusalimia sababu ya wivu. Kumbe we uko unakufa hapa, peke yako."

Nikamwambia nilikuwa naona haya.

"Haya ya nini? Sisi wote tulikimbia na matako inje. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo iko hapa mulangoni. Simama unawe. Tunaenda."

Tulifika mjini mchana, mimi nimejikunja kwenye minibasi, yeye amenishika begani nisianguke. Mshauri hakunifokea. Aliniambia wengi huanguka na kuanza upya, kisha akamtazama Mzee Saidi na kuuliza, "Huyu ndiye anayejua?" Mzee akajibu, "Njo mimi, tangu leo." Kuanzia hapo kila Alhamisi alikaa kwenye benchi la nje na tasbihi yake akinisubiri, na siku nyingine alipita asubuhi na jioni kunitazama macho.

Wiki hiyohiyo nilikwenda nyumba kwa nyumba kusema ukweli. Nisikudanganye, haikuwa tamu. Mmoja alifunga mlango. Mwingine akawakataza watoto wake kuja kwangu. Mama Furaha akauliza tu, "Na kuku yangu je?" Nikamwahidi nitamshonea kitenge. Akasema sawa, halafu akatuma uji, na tangu siku hiyo hapakupikwa kitu kwake bila mimi kuitwa.

Sasa sikia, mwanangu. Mzee Saidi alipata safari ya kweli. Mama Furaha naye, na yule aliyeleta chupa, na karibu wote waliokula kuku yule. Walioniaga ndio walioondoka, na mimi niliyeagwa niko hapa. Alhamisi ya kwanza bila mzee yule nilitoka hospitalini, benchi tupu, nikarudi kambini, na miguu yangu ikaanza kunipeleka kule kunakouzwa kachasu. Nilijiona mtu wa mwisho duniani. Nikasimama njiani. Palikuwa na Mrundi aliyehamia juzi, hata jina lake sikulijua. Nikabisha hodi, nikamwambia, "Mi ni fundi wa pale. Nilikuwa mulevi, niko najitibu, na leo nguvu imeniisha. Niache nikae hapa kidogo." Alinitazama, akasogea kwenye mkeka. Aliendelea kumenya mihogo yake mpaka hamu ikapita, na sijaonja tena.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kwenda hospitali ni kazi nyepesi, mwanangu. Kazi nzito ni kurudi. Kabla ya Alhamisi yako mwambie mtu mmoja unakwenda wapi na kwa nini, na ugonjwa uutaje kwa jina lake hasa, usilipambe. Mtu huyo akihama, mtafute mwingine siku hiyohiyo, hata mgeni. Usikubali heshima ya uongo, maana utaila peke yako. Na ukianguka usikose siku yako. Nenda ukinuka hivyohivyo.

Mungu aliyenihesabia siku hizi akuhesabie na wewe. Akulinde njiani kwenda, akulinde zaidi njiani kurudi, na jioni nguvu ikikuishia akupe mlango wa kubisha na ulimi wa kusema ukifunguliwa.