Wahindi, Mahindi na Merikani

Mjukuu wangu wa kike anaelewa Kiswahili chote, hata kile cha kusengenyana, lakini mdomo wake ulikuwa haujawahi kukitoa. Nikimwambia njoo ule, anakuja, anakula, anashukuru kwa Kiingereza. Nimemwogesha kwa Kiswahili, nimembembeleza kwa Kiswahili, nimemgombeza kwa Kiswahili, na tangu aanze kusema majibu yanarudi kwa Kiingereza. Binti yangu, mama yake, huniambia nisijisumbue, watoto waliokulia Toronto wote ndivyo walivyo. Mimi kutojisumbua sikuzaliwa nako. Na kiangazi kile nilikuwa na haraka, kwa sababu mwisho wa Agosti msichana alikuwa anaondoka kwenda chuo kikuu, mkoa wa mbali, safari ya ndege. Nilitaka anisemeshe kwa lugha yangu kabla hajafunga begi. Zawadi nyingine sikuitaka, dhahabu ninayo ya kutosha.

Nikisema lugha yangu, wapo wanaonitazama mara mbili. Sisi ni Wahindi wa Tanga. Nyumbani tulisema Kikachi, lugha waliyokuja nayo wazee wetu kutoka India, na ndiyo maana mjukuu huniita nanima, yaani bibi mzaa mama. Lakini kucheka, kugombana na kuchagua samaki sokoni tulifanya kwa Kiswahili, na mpaka leo nikijigonga kidole huku Vaughan, kando ya Toronto, kinachonitoka ni Kiswahili.

Msichana alikuwa amebakiza kitu kimoja tu kumaliza sekondari, historia ya Marekani, akaisoma kiangazi wenzake wakiogelea. Mwisho wake ulikuwa kusimama mbele ya darasa na kuieleza yote, tangu watu wa kwanza hadi leo, kwa dakika chache. Akaniomba nimsikilize akifanya mazoezi. Nikamwambia aje uani, maana nilikuwa nachoma mahindi, na shoga yangu yupo.

Shoga yangu ni mama wa Kidigo, wa Tanga vilevile, anayekaa na mwanawe kwenye maghorofa ya mtaa wa Jane na Finch, mjini Toronto. Tulijuana dukani, nilipomsikia akizisuta bamia zilizosinyaa kwa Kiswahili kilichonifanya nisimame nimsikilize. Tangu siku hiyo huja kwangu Jumamosi kwa basi.

Msichana akasimama kwenye nyasi, akaanza kwa Kiingereza. Watu wa kwanza walitoka Asia zamani sana, wengine kwa miguu, wengine labda kwa mitumbwi wakifuata pwani, wakaenea bara zima, wakalima, wakajenga miji. Shoga yangu akanigusa bega.

"Anasemaje? Kiingereza cha mjukuu wako kinakwenda kama cherehani."

Kazi ya ukalimani niliipenda mara moja. "Anasema wa kwanza kufika Marekani ni Wahindi Wekundu."

Msichana akaacha mazoezi. Akaniuliza, kwa Kiingereza, kwa nini nawaita Wahindi. Nikamweleza kwamba kulikuwa na baharia kutoka Ulaya aliyekuwa anaitafuta India, akapotea, akatua kule, akaita kila aliyemwona Mhindi. Na sisi shuleni tulifundishwa hivyo hivyo, Wahindi Wekundu.

"Na nyinyi mliitwaje?" akauliza.

"Wahindi."

"Wa rangi gani?"

"Wa kawaida," nikamjibu, na shoga yangu akapaliwa na chai.

Hapo ikabidi niwasimulie ya darasani kwetu Tanga. Mwalimu alikuwa anasoma jinsi Wazungu walivyowanyang'anya Wahindi Wekundu ardhi, wakawafukuza na kuwarundika pembeni. Darasa zima likageuka kunitazama kwa huruma. Jirani yangu wa dawati akanimegea andazi lake. Nilirudi nyumbani nalia, nikamkuta baba nyuma ya kaunta ya duka, nikamuuliza kwa nini hajawahi kutuambia tulivyoonewa kule Marekani.

"Mwanangu," akasema baba, "mimi hata Pangani sijafika."

Msichana alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanionyesha jiko. Akasema, bado kwa Kiingereza, kwamba hata hayo ninayochoma yametoka kwa watu hao hao. Yalikuwa majani ya porini, wakayalima vizazi kwa vizazi mpaka yakawa chakula. Nikayatazama mahindi yangu. Maisha yangu yote nimeyaita hivyo na sikuwahi kujiuliza. Yaliingia pwani yetu kwa njia ya bahari, wazee wakasema haya bila shaka ni ya Wahindi. Baharia alikosea watu, sisi tukakosea chakula.

Mazoezi yakaendelea, nami nikatafsiri. Wakaja Waingereza, wakaanzisha makoloni, makoloni yakagombana na mfalme kwa ajili ya kodi, na siku moja wakamwaga chai yake baharini, makasha kwa makasha.

"Chai nzima?" akasema shoga yangu. "Na sukari yake?"

"Sukari haikutajwa."

"Mungu awasamehe."

Msichana alipofika kwenye pamba, nikamkatiza. Mimi ni mtu wa kukatiza. Nilimwambia kwamba kwetu Marekani ilikuwa nguo kabla haijawa nchi. Mzee wetu wa kwanza kufika pwani aliuza merikani, kitambaa kizito cha pamba kilicholetwa na meli kutoka huko, na watu walikipenda kwa sababu kilikuwa hakichakai upesi. Shoga yangu akadakia kwamba bibi zake walijifunga merikani, hata harusini.

Msichana akauliza pamba hiyo nani aliichuma. Alituuliza taratibu, kwa sababu jibu alikuwa nalo na aliona kwamba na sisi tumeshalipata.

"Kumbe," akasema shoga yangu, "walituchukulia watu, kisha wakatuuzia nguo."

Iliniuma. Nilimwonea aibu yule mzee wetu wa kwanza, aliyevisifia vitambaa vyake kwa kila mteja. Ni msichana aliyetuinua, akaeleza jinsi watumwa wengine walivyotoroka wakielekea kaskazini, wakajificha mchana na kutembea usiku, na baadhi yao wakafika mpaka mji huu.

Nikatafsiri. "Toronto hii?" akauliza shoga yangu.

"Hii hii."

"Basi wametutangulia," akasema, na akajimiminia chai nyingine, uso umekunjuka.

Vikaja vita vya kaskazini na kusini, watumwa wakaachiwa, ikaja reli. Na mimi nilikuwa nimekolea. "Reli hiyo," nikamwambia shoga yangu, "ikakata katikati ya ardhi ya Wahindi Wekundu..."

"Siyo Wahindi, nanima! Wenyeji! Nimesema wenyeji! Husikii wewe?"

Ni mjukuu wangu aliyesema. Alikuwa ameshika kiuno. Hilo la husikii wewe ni langu mimi, nimemtupia tangu anatambaa, na alinirudishia kwa sauti yake yote.

Nilitaka kupiga vigelegele. Shoga yangu akanibana goti chini ya meza kwa nguvu, nami nikaelewa. Ukimshangilia msichana wa umri ule, anakimbilia chumbani kwake.

"Haya," nikasema. "Wenyeji."

"Endelea, mama," shoga yangu akamwambia. "Nieleze mwenyewe, bibi yako anakosea."

Akaendelea, kwa Kiswahili, huku akilitafuta kila neno. Akasema watu weusi walikuwa huru lakini siyo huru. Hapana kukaa basi mbele, hapana kura. Watu alikataa, watu alitembea, wengi, wengi sana, na wakapata. Mimi ninayesahihisha hata matangazo ya msikitini sikusahihisha chochote.

"Halafu wakaenda mwezini," akasema.

"Kufuata nini?" akauliza shoga yangu.

Msichana akafikiri. "Mawe."

"Wakaacha chai, wakafuata mawe. Haya, halafu?"

"Halafu rais mweusi."

"Huyo namjua."

"Halafu leo. Leo wanagombana kwa simu."

"Kama sisi," akasema shoga yangu, na akampigia makofi, yeye anayeruhusiwa kwa kuwa si bibi yake.

Mimi nilikuwa nautazama uzio, macho yananiwasha, na moshi ulikuwa unaelekea kwa jirani.

"Nanima," akasema mjukuu wangu, "mahindi yanaungua."

Nilijifanya sijasikia, ili arudie.