Viatu kwenye Lango Namba Tatu

Ile katuni naichukia, na asije mtu kuniambia ni hadithi tu. Wamechora majitu marefu kuliko mnara wa simu, yanatoka baharini yanatafuna watu kama dagaa, na binadamu waliobaki wamejifungia nyuma ya ukuta wa zege. Sawa, kila mtu na ndoto zake mbaya. Lakini ukuta ule ni wetu, tulijengewa kuzuia bahari. Walikuja hapa Urazaki, mji wetu wa pwani, na kamera zao, wakapiga picha siku tatu, wakala samaki wetu, wakasifu supu, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza nani alikufa wapi.

Mimi ni mwanamke kinyozi. Duka langu lina viti viwili na televisheni moja, na hiyo televisheni ndiyo iliyoniponza. Jumapili moja saa kumi na moja jioni Fumie Usuzawa alikuwa kwenye kiti changu, kichwa kimejaa rangi, taulo shingoni. Kwenye kiti cha pili alikuwapo Oikawa, mwenyekiti wetu wa mtaa, na ndiye aliyeshika rimoti. Nchi nzima ilikuwa imeshikwa na katuni ile, hata wazee wanaosinzia wakiangalia mieleka walikuwa hawapepesi macho.

"Angalieni, angalieni!" Oikawa akapiga kelele. "Lango letu hilo!"

Kweli, lilikuwa lango letu. Chuma kile kile kinachotembea kwenye reli, gurudumu lile lile la kuzungusha kwa mkono, ngazi kushoto, na namba tatu imeandikwa kwa rangi nyeupe iliyobanduka. Majitu yanakuja. Mlinzi wa lango anazungusha gurudumu, anatetemeka, analia. Mara anaachia, anakimbia, kiatu kimoja kinanasa kwenye reli, yeye huyoo, lango liko wazi. Majitu yanaingia na mji unaliwa.

Rangi ilianza kumchuruzika Fumie kwenye paji la uso naye asiifute.

Basi nikwambieni Fumie ni nani. Alizaliwa hapa hapa, binti wa mkausha ngisi. Miaka arobaini sasa anachemsha mwani na kuupaka chumvi kwenye banda la ushirika, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Aliolewa na Tsutomu, fundi baiskeli. Alikuwa akimpelekea baiskeli nzima isiyo na kasoro, naye Tsutomu anaitengeneza wiki mbili, mpaka baba mtu akachoka akasema jamani oaneni niipate baiskeli yangu. Alikuwa na kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara, huyo mwanamke. Tsutomu alikuwa zimamoto wa kujitolea kama wanaume wengi wa hapa, na ardhi ikitikisika, kazi ya zimamoto ni kwenda kufunga malango ya ukuta wakati wengine wote wanapanda mlimani. Lake lilikuwa namba tatu.

Siku bahari ilipopanda, miaka kumi na miwili iliyopita, umeme ulikatika, na lango likabidi lifungwe kwa gurudumu. Maji yalipokwisha likakutwa halijafungwa lote, limebaki mwanya wa kupita mtu mmoja. Tsutomu alipatikana maiti siku ya nne, mbali sana na lango, kwenye misonobari ya upande wa bara. Watu wakahesabu wenyewe. Hakuna aliyesema kwa sauti, sisi hatuna ujasiri huo. Walinong'ona tu: alikimbia. Ukiuliza nani kasema, hakuna. Na mimi, niliyekuwa na la kusema, nikafunga mdomo.

Halafu ije katuni kuimba mbele ya nchi nzima kile mji ulichokuwa ukinong'ona. Hasira ya Fumie utaielewa.

Haukupita mwezi, wageni wakaanza kuja. Huku kwetu mtu akipenda katuni huenda kuzuru pale palipochorwa, kama anakwenda hekaluni. Wakaja na mabegi, na kila mmoja akaacha kiatu kimoja kwenye reli ya lango namba tatu. Sandali, raba, kiatu cha mtoto. Wanapiga picha wakijifanya wanakimbia, wanacheka, wanaondoka wakichechemea. Kila asubuhi kabla ya kazi Fumie alikwenda na kapu kuviokota. Siku moja niliongozana naye, tukawakuta wasichana wawili wa chuo, wapole, wanainama wakisalimia.

"Mama, samahani, usiviondoe," mmoja akasema. "Hiki ni cha yule mwoga."

"Mwoga gani?"

"Mlinzi wa lango. Ni utani tu, mama."

"Mkautanie kwenu!" Fumie akamwaga kapu zima miguuni pao. "Baba yako ana lango? Mpelekee viatu!"

Wasichana wakakimbia. Nilifurahi, sikufichi. Ila nilipomwangalia Fumie alikuwa anaviokota tena kimoja kimoja, maana hawezi kuacha takataka barabarani.

Sasa sikia upumbavu wetu. Tuna ubao wa matangazo unaotembea nyumba kwa nyumba. Unausoma, unagonga muhuri wako mdogo wa jina kuonyesha umesoma, unampelekea jirani. Nani anausoma? Siku zote ni taka za chupa Jumanne, kufyeka nyasi za makaburini Jumapili. Mwezi wa tano ubao ulipita, na chini kabisa, baada ya taka na nyasi, Oikawa alikuwa ameandika: kwenye lango namba tatu tutaweka rafu ya kutundikia viatu vya wageni, na kibao, "Lango la Mwoga", itazinduliwa siku ya sehemu ya mwisho ya katuni, asiyekubali aseme. Nyumba arobaini na moja ziligonga. Fumie aligonga akiwa na sufuria jikoni. Mimi nilisoma, neno kwa neno, nikagonga.

Fumie alipojua alikuja mbio mpaka dukani kwangu, kwa sababu Oikawa alikuwa pale ananyolewa ndevu.

"Mwenyekiti, umeniandikia mume wangu mwoga?"

"Ala! Dada Fumie, nani kamtaja marehemu? Huyo ni mtu wa katuni. Wageni wanakuja, mji unachangamka. Tangu lini umeona watu wamejaa stesheni yetu?"

"Liondoe hilo jina."

"Muhuri wako upo." Akatoa simu, akamwonyesha picha ya ule ubao, povu bado kidevuni. "Huu hapa. Kama ulikuwa na neno ungesema."

Fumie akaniangalia mimi. Alitaka niseme kitu, mtu yeyote aseme kitu. Nikaendelea kunoa wembe uliokuwa umekwisha kunoleka.

Tangu siku hiyo akaanza kuja kila Jumapili kuiangalia katuni ile. Hakuja kutengenezwa nywele. Alikuja na mto wake wa kukalia, akakaa mbele ya televisheni mikono imekunjwa, akaitukana katuni tangu wimbo wa mwanzo hadi wa mwisho. "Jitu gani hili halina hata aibu, livae nguo!" "Huyo kamanda mjinga, anapeleka watoto mbele yeye yuko nyuma!" "Unalia nini? Mwenzio kaliwa, kamata upanga!" Jamani, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini hakuwa anacheka. Alikuwa akimngoja yule mlinzi. Kijana wa duka la simu alikuwa amemwambia kwamba mtandaoni wanasema sehemu ya mwisho itafichua siri: mlinzi hakukimbia, kuna sababu. Nchi nzima ilikuwa inaisubiri sehemu hiyo kama mwaka mpya.

"Wataeleza," akaniambia. "Watu hawawezi kuchora lango namna ile, kila kutu mahali pake, halafu wasijue. Kuna mtu aliwaambia. Kuna mtu alimwona Tsutomu."

"Dada, hiyo ni katuni."

"Mbona mji huu ulipoiamini ikimtukana Tsutomu hamkusema ni katuni?"

Nikachukua ufagio nikaanza kufagia nywele.

Siku ya sehemu ya mwisho Oikawa alifungua ukumbi wa mtaa, akatundika shuka kubwa ukutani, akaweka viti. Wageni walijaa, wengine wamevaa makoti ya walinzi wa ukuta. Wenyeji tulikaa nyuma. Fumie alikaa mbele kabisa, amevaa kimono chake cheusi chenye nembo ya ukoo, kile cha msibani. Aliketi wima kama anayengoja hukumu ya mahakama. Katika mkutano ule wote mimi tu nilijua kwa nini kavaa vile: alitarajia kusikia mumewe akisafishwa jina, akataka awe amevaa vizuri.

Yule mlinzi akatokea. Amekonda, ndevu zimemjaa, anajificha ghalani. Wanamleta juu ya ukuta, wanamuuliza, kwa nini uliacha lango? Fumie akasogea mpaka ukingoni mwa kiti. Mlinzi akafungua mdomo, akasema, "Niliogopa." Basi. Hiyo ndiyo siri. Wakamsukuma, jitu likamdaka kabla hajafika chini.

Ukumbi ukalipuka. Makofi, vifijo, mbinja. Ningesamehe kama wangekuwa wageni peke yao. Lakini nilimwona mke wa muuza tofu akipiga makofi, niliwaona wazimamoto wastaafu, wenzake Tsutomu, wakipiga makofi.

Fumie akasimama, akageuka, mgongo kwenye lile shuka, damu ya katuni ikimwangazia usoni.

"Mnampigia nani makofi?"

Makofi yakafifia. Oikawa akanyanyuka. "Dada Fumie, taratibu. Ni mchezo. Twende tukazindue rafu, wageni wanangoja."

"Nakuuliza wewe, na wewe, na wewe pale nyuma unayejificha. Mji mzima ulikimbia ukipita mbele ya lango lile. Miaka kumi na miwili nimewangoja. Hakuna hata mmoja aliyemwona mume wangu? Hata mmoja?"

Watu wakaangalia magoti yao. Tunajua sana kuangalia magoti.

"Mimi nilimwona," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Nilikuta nimesimama na kiti kimeanguka nyuma yangu. Kwa hasira niliyokuwa nayo ningesema lolote, na lililokuwepo kifuani lilikuwa moja tu.

"Wakati ule nilikuwa nakaa upande wa bahari, nje ya ukuta. Nilikuwa nimeshapanda mlimani. Nikarudi kuchukua vibao vya wafu wangu vyenye majina yao, vile vya madhabahu ya nyumbani. Nyie nyote mnajua tunavyofundishwa tangu utotoni, ardhi ikitikisika kila mtu na roho yake, usirudi kwa ajili ya mtu wala kitu. Mimi nikarudi. Nilipofika langoni Tsutomu alikuwa ameshalifunga karibu lote. Angelimaliza. Akaniona niko nje nakuja, nimekumbatia kifurushi. Akaacha kuzungusha. Akanisubiri."

Mtu akasema "Mwee," kwa sauti ndogo.

"Alinitukana. 'Wewe mwanamke una wazimu! Sikio la kufa halisikii dawa!' Akanishika ukosi akanivuta ndani, akanisukuma. Halafu akarudi kwenye gurudumu. Akarudi! Nilisikia chuma kikilia nyuma yangu wakati nakimbia. Maji ndiyo yaliyompeleka kwenye misonobari, si miguu yake. Mnauliza mwanya ule ulibaki kwa nini? Nilipita mimi hapo. Ni mwanya wangu."

Oikawa akawageukia vijana wake waliokuwa mlangoni na nyundo na kile kibao. "Ondoeni," akasema. "Ondoeni takataka hiyo. Na ile rafu ing'oeni." Kisha akainama mbele ya Fumie mpaka kichwa kikafika magotini, na wazimamoto wale wastaafu wakainama, na wageni, wasiojua hata wanaomba radhi kwa nini, wakavua kofia za majitu wakainama pia.

Fumie hakuwaangalia. Alipita katikati ya viti, akaja mpaka nilipo, akasimama karibu hata nikasikia harufu ya chumvi ya mwani mikononi mwake.

"Vibao vya nani?"

"Cha mama mkwe," nikasema. "Na cha Shozo." Shozo ndiye aliyekuwa mume wangu. Ini lilimuua miaka sita kabla ya maji.

"Vipo?"

"Vipo nyumbani."

"Unawafukizia ubani?"

"Kila asubuhi."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeelekezwa njia.

"Ulirudi kumchukua mume aliyekwisha kufa," akasema, "wangu akabaki pale kwa ajili yako. Halafu miaka kumi na miwili nakuja kukaa kwenye kiti chako, unanishika kichwa, unaniambia pole."