Kipande cha Droo ya Nne

Kazini walimwita Mama Msasa, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na tisa alikata mawe yaliyoanguka kutoka angani na kuyasugua mpaka yakapitisha mwanga, ili Daktari, mtaalamu wa vimondo pale maabara, ayatazame kwa hadubini na kuyapa daraja. Vidole vyake vilishafutika alama. Ofisi ya vitambulisho ilimrudisha nyumbani mara tatu. "Kumbe mimi sipo," alitania, na wenzake walicheka, mpaka mwaka ule mumewe alipopotea jangwani.

Mumewe alikuwa mwokota mawe hayo, ya kuuza. Siku moja alirudi na kipande cha ukubwa wa ngumi, akasema jiwe lenyewe limebaki huko, zito mno kwa pikipiki. Wapi? Hakusema. Waokotaji hawasemi, hata kwa wake zao. Mama Msasa alikata kona ya kipande, Daktari akakipima, kikawekwa droo ya nne. Mume akaondoka na rafiki yake mwenye gari kwenda kulichukua jiwe.

Rafiki alirudi peke yake, kwa miguu. "Tuliachana kisimani, shemeji, siku ya pili," alisema, akalia mpaka watu wakamshika mabega. Walizunguka kisima kile siku tisa, wasipate hata kiatu. Mama Msasa hakudanganywa na matumaini. Alitaka kitu kimoja tu: kujua mumewe amelala wapi, akamzike.

Miaka miwili baadaye rafiki huyo, ambaye naye alimwita shemeji, akaja maabara na jiwe ndani ya gunia, lipimwe, lipewe jina. Habari za kipande hakuwa nazo. Kwenye fomu, mahali pa kuokotwa, aliandika nyanda za kaskazini.

Mama Msasa alilikata. Kabla msumeno haujasimama aliutambua: mshipa mweusi, mwembamba kama uzi, ulipita katikati ya jiwe, kama ule wa kipande cha mumewe. Kwenye hadubini Daktari aliona chembe za mviringo zilizoanza kufifia, chuma kingi, kutu kidogo.

"La kawaida, daraja la tano," alisema. "Kama lile la mzee wako. Lakini usijitie presha, mama. Aina hii imejaa kote. Namba hazithibitishi kitu."

"Namba hapana," alijibu, akaenda droo ya nne.

Shemeji alikuwa ukumbini akinywa chai. Mama Msasa aliweka jiwe mezani, akalisogezea kipande, palipovunjika kwa palipovunjika. Viliingiana pasibaki hata nafasi ya unywele, na mshipa mweusi ukavuka kutoka huku hadi kule bila kukatika.

Shemeji aliweka kikombe chini.

"Lilimwangukia mguuni tukilipakia," alisema. "Gari likazama mchangani. Maji yalikuwa ya mtu mmoja, shemeji."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa ananiita."

Mama Msasa alihisi anamchukia kuliko alivyowahi kumchukia binadamu yeyote. Hata hivyo sauti haikupanda.

"Na jiwe ulilipataje?"

"Nilirudi mwaka jana."

"Kurudia jiwe uliweza."

Shemeji aliinamisha kichwa. "Alikuwa ameliegemea. Ilibidi nimsogeze."

Mama Msasa alimsukumia fomu na kalamu.

"Futa kaskazini," alisema. "Andika alipo mume wangu."