Siku niliyowageuza wapwa wangu kuwa wageni Kamina

Nawaambia mwenyewe, maana Kamina nzima imekwisha kusikia. Mimi ni karani katika ofisi ya raia, na siku ile nilikuwa na moto wa kazi. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliyeko Ubelgiji, alikuwa ameacha uraia wa Congo ili apate wa huko. Habari iliponifikia, nilifurahi. Hatimaye nilikuwa na kesi ya kuonyesha elimu yangu.

Nikamwita dada yangu mkubwa na watoto wake wanne. Mbele ya foleni nzima nikatangaza kwamba watoto hufuata uraia wa baba, kwa hiyo tangu leo wataishi Kamina kwa karata ya wageni, yaani kitambulisho cha asiye raia. Nikajaza fomu nne mbiombio, zote nikazipiga mhuri. Dada akaanza kulia. Mimi nikampigia mama simu, nikamweleza yote, aje aone kazi ya mwanawe.

Mama akafika, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa karata iliyochakaa.

"Yaya yako, dada yako mukubwa huyu, iko Mukongomani, na batoto yake njo vile vile," akasema. "Bwana yake njo aliacha uraia, yeye peke yake. Lakini kama mutoto anafwataka baba, soma hii."

Ilikuwa karata ya wageni ya marehemu baba, dereva wa treni aliyetoka Zambia akazeekea hapa hapa.



"Jaza fomu ya tano," mama akasema. "Andika jina yako."