Mtumishi Niliyemfukuza

Nyumba ile ya mbao ilijengwa na tajiri mmoja wa karne ya kumi na tisa, akaizungushia bustani ya mitufaha inayoshuka hadi ziwani. Nilipoanza kazi pale, wenyewe walishakufa na nyumba imekuwa mkahawa wa chai na keki. Nilikuwa na miaka mitatu tu tangu nitoke Bukavu, nikikaa mtaa wa Bredäng, katika nchi ya Waswidi, na watoto wawili, na kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio. Nilivaa gauni jeusi, nikapeleka chai, nikaosha vyombo, nikanyamaza.

Kila Alhamisi alikuja mwanamke mzee sana, peke yake. Kwetu ningemwita koko, yaani bibi. Aliniambia alikuwa mtumishi wa nyumba hiyo tangu ana miaka kumi na mitano, enzi za vita vya Ulaya.

"Kiti hiki nilikifuta kila siku, sikuwahi kukikalia," alisema, akacheka. Alikunywa kikombe kimoja, akaenda zake.

Majani yalipoanza kupukutika, akili yake nayo ilianza kumtoka. Aliinuka na kukusanya vikombe vya wageni, wengine hawajamaliza kunywa. Alifuta meza kwa skafu yake. Siku moja alimnyang'anya mgeni sahani, ikaanguka na kuvunjika. Mgeni alilalamika. Mwenye mkahawa akanivuta jikoni.

"Mwambie asirudi tena."

"Mimi?"

"Anayemsikiliza ni wewe."

Ningeweza kukataa. Lakini majaribio yangu yalikuwa yamebakiza majuma matatu. Nilimkuta ukumbini amepiga magoti, anaokota vigae. Nikasema kwa Kiswidi changu cha darasani, ambacho kilikuwa hakijajifunza kulainisha neno: "Usifanye kazi hapa tena. Nenda nyumbani."

Alisimama haraka, akakutanisha mikono tumboni, akainamisha kichwa.

"Ndiyo, madamu."

Alitumia lile neno lao la zamani la kumwita mke wa mwenye nyumba. Kisha akatoka kwa mlango wa jikoni, si ule wa wageni.

Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Kazi yangu ikathibitishwa. Mwezi wa kumi na moja akaja mwanamume mmoja, mpwa wake, akauliza nani alizungumza na shangazi yake. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Amekataa kula," alisema. "Anasema amefukuzwa bila barua ya sifa ya mtumishi, na bila barua hakuna nyumba itakayompokea. Tunamwambia aliacha kazi hiyo zamani, haamini."

"Ni mimi niliyemwambia," nilisema.

Jioni ile nilimketisha binti yangu mezani anisahihishie Kiswidi cha barua hiyo. Akaniuliza, kwa Kiswidi kama kawaida yake, huyo bibi kafanya nini. Nikamjibu hajafanya kitu. Tuliandika kwamba mtumishi huyu ni msafi, mwaminifu, mwenye bidii, na kwamba hakuondoka kwa kosa lolote.

Jumapili, baada ya ibada, nilipanda treni hadi Jakobsberg, kwenye nyumba ya wazee. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, mikono imebaki mifupa. Nikamsomea barua. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba nirudie pale paliposema kuhusu kosa. Nikarudia.

"Asante, madamu," alisema. "Sasa nitakwenda wapi?"

Nilikaa naye nimemshika mkono mpaka muuguzi akaja na uji, na ule uji hakuugusa.

Alikufa kabla ya Noeli. Mpwa wake alipiga simu mkahawani. Mwenye mkahawa alisikitika kweli, akatuma maua. Mimi nilimweleza mama mmoja wa kanisani kwetu.

"Wewe ulitumwa, dada yangu," aliniambia. "Usijitese."

Nilitumwa, ni kweli. Aliyefungua mdomo ni mimi. Nilifanya kazi pale miaka mingine minne, kwa sababu watoto walikuwa wanakula kwa kazi hiyo, na hakuna siku niliyomwambia mgeni yeyote aondoke. Walipofika wakorofi, nilimwacha mwenye mkahawa aende mwenyewe.